Ramadhani Shuleni na Kazini katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

Mwezi wa Ramadhani hauna msimu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Kwa sababu hiyo saumu hurudi nyuma kila mwaka, ikatoka katika kiangazi ikaingia katika masika, ikatoka katika wakati wa kuvuna ikaingia katika wakati wa kupalilia, hata itimize mzunguko wake kwa miaka 33 hivi. Kila Mwislamu hulijua jambo hili tangu utoto wake. Lakini aghalabu halihesabiwi katika historia ya kazi na ya elimu. Katika mwambao wa Ziwa Viktoria, ambako watu wa dini mbalimbali wamefanya kazi pamoja kwa zaidi ya karne moja na nusu, mwendo huu wa mwezi umekuwa na matokeo makubwa. Kila shule na kila kiwanda hukutana na shida ya saumu katika msimu ule ule mara moja tu katika umri wa mtu wa kufanya kazi. Nayo irudipo, yule aliyeitatua mara ya kwanza amekwisha staafu au amekwisha fariki. Basi mapatano yaliyotegemea moyo mwema tu, pasipo kuandikwa, hupotea, na kila kizazi huanza upya. Historia ya mwambao huu yaonyesha jambo hilo. Tena yaonyesha la pili, kwamba kumlazimisha mtu kufunga na kumlazimisha mtu kufungua ni kosa moja lenye sura mbili.

Yamkini mahali pa kwanza pa kazi ambapo wenyeji wa ziwa waliiona saumu ya Kiislamu palikuwa msafara. John Speke alipofika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, njia aliyoifuata kutoka Tabora ilikuwa tayari ni njia ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Baada ya miaka kumi na mitano hivi, Kageye, kijiji kilicho mashariki ya Mwanza, kilikuwa kituo cha mfanyabiashara Songoro, aliyeunda madau kwa ajili ya biashara ya ziwani; na Henry Stanley alipofika hapo tarehe 27 Februari 1875 alikuta biashara hiyo imekwisha shika mizizi. Katika misafara ya namna hiyo wenye mali walikuwa Waislamu, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma wa dini za wazee wao. Sheria ya Kiislamu humruhusu msafiri kula, akalipa siku zake baadaye. Kwa hiyo njiani kula mchana hakukuwa alama ya ukafiri, wala kufunga hakukuwa amri ya mwenye mali. Aliyefunga na asiyefunga walikwenda kwa mwendo mmoja chini ya jua moja, na hesabu ya kila mtu ilikuwa baina yake na Mola wake.

Watu hao waliunganishwa na kazi kabla ya kutenganishwa na mafundisho. Mwezi wa Desemba 1877 wamisionari wawili wa chama cha C.M.S. cha Uingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe na watu wa mtemi Lukonge. Chanzo hakikuwa dini. Kilikuwa ugomvi wa dau na mali baina ya mtemi na Songoro, yule mfanyabiashara wa Kageye, ambaye alikimbilia kwa Waingereza hao. Songoro naye aliuawa pamoja nao. Wakristo wawili waliokuja kuhubiri Injili, na Mwislamu aliyekuja kutafuta mali, walikutwa na mauti mahali pamoja kwa sababu ya chombo kimoja. Ni vema jambo hilo likumbukwe na kila atakayesema kwamba historia ya dini katika ziwa hili ilianza kwa uadui baina ya Waislamu na Wakristo.

Msiba uliotokana na ibada yenyewe ulitukia ng'ambo ya kaskazini, katika Buganda, ambako madau na mitumbwi ya kusini ilipeleka bidhaa pamoja na habari. Kabaka Muteesa wa Kwanza alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867, akaendelea kwa miaka ipatayo kumi. Alijenga msikiti, akajifunza kusoma Kiarabu, akawaamuru watu wa jumba lake na wa nchi yake wafunge. Na wale waliopuuza amri hiyo waliadhibiwa. Hata hivyo yeye mwenyewe hakutahiriwa, kwa kuwa mila ya Buganda ilikataza damu ya mfalme isimwagike. Katika miaka ya 1875 na 1876 walifika Waislamu kutoka upande wa Misri na Sudani, na mafundisho yao yaliwatia nguvu vijana wa jumbani walioshika kwamba nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa haifai kuliwa, wala haifai kuswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa. Vijana hao wakaikataa nyama ya mfalme. Kabaka aliona kukataa huko ni uasi. Na mwaka 1876 vijana wapatao sabini waliuawa Namugongo, mahali pale pale palipokuja kuwa maarufu kwa wafiadini Wakristo waliouawa mwaka 1886.

Yafaa tukio hili litazamwe kwa makini, maana jumba la Kabaka lilikuwa shule na ofisi kwa pamoja. Vijana walipelekwa huko na jamaa zao wajifunze adabu, utumishi na utawala. Walilala huko, wakala huko, wakatumwa huko. Katika mahali kama hapo bwana mmoja aliwaadhibu watu kwa kutofunga, kisha akawaua watu kwa kukataa kula. Aliyetazama dini peke yake atasema kwamba Muteesa aligeuka. Aliyetazama mamlaka ataona kwamba hakugeuka hata kidogo: mara zote mbili alitaka tumbo la mtumishi liwe chini ya amri yake. Chungu cha pamoja kilikuwa ndiyo mizani ya utii. Na popote pale ambapo chungu kimefanywa mizani ya utii, iwe katika jumba la mfalme au katika bweni la shule, shida haikosi kuzuka.

Wajerumani walipoweka kituo chao Mwanza katika miaka ya 1890, walikuta upande wa kusini wa mji, huko Bukumbi, Mapadre Weupe wamekwisha kaa tangu mwaka 1883. Hivyo zilianza njia mbili za elimu na za kazi. Ya kwanza ilikuwa ya misheni, ambayo kitabu chake cha kwanza kilikuwa katekisimu. Ya pili ilikuwa ya serikali, iliyohitaji makarani, wakalimani na askari. Shule za serikali ya Wajerumani, zilizotangulia Tanga katika miaka hiyo hiyo ya 1890, hazikufundisha dini. Kwa hiyo Waislamu wa mijini hawakuziogopa kama walivyoziogopa za misheni. Askari na makarani wengi walikuwa Waislamu, nao waliwatumikia mabwana wasiofunga. Mji wa Mwanza ulipotwaliwa na Waingereza tarehe 14 Julai 1916, kwa hesabu ya mwezi ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1334. Serikali moja iliondoka na nyingine ikaingia, na mwezi ukaendelea mpaka Idi.

Utawala wa Waingereza ulileta kengele. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na bandari na reli zikawa kazi moja yenye saa zilizopangwa. Lakini iliyowaajiri watu wengi zaidi katika nchi ya Usukuma ni pamba. Pamba hununuliwa na kuchambuliwa katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni au Julai, na katika miezi hiyo vinu hudai watu mchana na usiku, ndani ya vumbi na joto. Ramadhani za mwaka 1946 hadi 1951 ziliangukia miezi hiyo hasa. Siku hizo vinu vingi vilikuwa mali ya Wahindi, baadhi yao Waislamu na baadhi yao Wahindu, na mapatano ya saa yalikuwa baina ya mwenye kinu na msimamizi wake. Mwaka 1955 wakulima walianzisha muungano wao mkubwa wa vyama vya ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri, na vinu vikaanza kupita mikononi mwa wakulima wenyewe. Lakini Ramadhani ya mwaka huo ilikuwa Aprili na Mei, kabla ya msimu. Na kila mwaka ilizidi kusogea mbali. Ushirika ukajifunza mambo mengi katika miaka yake ya kwanza, ila haukuwa na sababu ya kujifunza hilo.

Mwezi ulipoirudia pamba, tangu mwaka 1979 hadi 1983, ushirika wenyewe haukuwapo. Vyama vikuu vilikuwa vimevunjwa na serikali mwaka 1976, na pamba ilikuwa chini ya mamlaka ya umma. Uliporudi mara ya tatu, tangu mwaka 2012 hadi 2016, mamlaka hiyo ilikuwa imekwisha pita, na tangu mwaka 1994 biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa kwa makampuni ya watu binafsi. Mizunguko mitatu ya mwezi, waajiri wa namna tatu. Kazi ni ile ile, vumbi ni lile lile, na mtu aliyefunga anahitaji jambo lile lile, yaani apewe zamu ambayo itamwezesha kunywa maji jua lituapo. Lakini hakuna aliyerithi maarifa ya mwenziwe. Kama kuna jambo ambalo historia ya kazi katika Mwanza yalifundisha, basi ni hili.

Katika shule mambo yalikwenda kwa njia nyingine, ijapokuwa mwisho wake ni mmoja. Waingereza waliziachia misheni sehemu kubwa ya elimu, wakazisaidia kwa fedha. Wazazi Waislamu walikuwa na njia mbili, nazo zote mbili zilikuwa chungu: kumpeleka mtoto mahali ambapo huenda akabadilishwa dini, au kumweka nyumbani akasoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, akaikosa elimu ya kumpatia kazi. Chama cha East African Muslim Welfare Society, kilichoundwa mwaka 1945, kilijaribu kuziba pengo hilo kwa kujenga shule na misikiti, mpaka kilipopigwa marufuku katika Tanzania mwaka 1968, na Bakwata ikaundwa mwaka huo huo. Kisha ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1969, iliyozitia shule za misheni zilizosaidiwa na serikali katika mikono ya serikali yenyewe. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Kiislamu na mtoto wa Kikristo walilala bweni moja kwa haki sawa, wala si kwa hisani ya mwenye shule.

Sheria iliweza kuunganisha madarasa kwa siku moja. Haikuweza kuliunganisha jiko. Jiko la shule ya bweni huendeshwa kwa sufuria kubwa, kwa kuni zilizopimwa, na kwa mpishi mwenye saa zake. Uji huliwa asubuhi, ugali na maharage mchana, na jioni vivyo hivyo. Mwanafunzi aliyefunga anahitaji mambo matatu tu: chakula chake cha mchana kihifadhiwe mpaka magharibi, apate kitu cha kula kabla ya alfajiri, na asilazimishwe kukimbia uwanjani saa kumi za jioni hali koo lake limekauka. Mambo hayo hayana gharama kubwa. Lakini yanamtaka mtu mmoja aamke saa tisa za usiku kuwasha moto, na mtu mwingine ashike ufunguo wa ghala, na wa tatu abadilishe ratiba. Pale ambapo mkuu wa shule alikuwa mtu wa busara, watu hao watatu walipatikana, na wanafunzi wakamkumbuka maisha yao yote. Alipohamishwa, busara ile ilihama naye.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi sana. Mara nyingine huruma yenyewe hugeuka kuwa amri. Shule huandika orodha ya wanaofunga ili jiko lijue idadi, nalo ni jambo jema. Kisha orodha ile yaweza kuwa kitanzi, na mwanafunzi aliyejiandikisha akikutwa anakula mchana akaulizwa kama mkosaji. Pengine ni mgonjwa. Pengine ni msichana aliye katika siku zake, ambaye sheria ya dini yake yenyewe imemkataza kufunga. Naye hulazimika ama kuieleza siri ya mwili wake mbele ya mwalimu mwanamume, ama kushinda na njaa isiyo na thawabu. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Lakini orodha ya jiko imekwisha kuwa orodha ya uchaji, na mwalimu amekwisha kuwa kadhi pasipo kuteuliwa. Hapo jumba la Muteesa limerudi katika umbo dogo.

Mitihani nayo ina kalenda yake, na kalenda hiyo haimsubiri mtu. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwezi Mei, na Ramadhani ya mwaka 2019 ilianza tarehe 7 Mei. Mtahiniwa wa Mwanza aliyeketi kujibu maswali ya alasiri alikuwa hajanywa maji tangu alfajiri. Kuuhamisha mtihani wa taifa zima si jambo jepesi, wala si lazima. Linalowezekana ni kwamba mwalimu ajue, kabla ya mwaka kuanza, kwamba miezi hiyo miwili itakutana, akawashauri wanafunzi namna ya kulala, kula daku na kupanga masomo. Kalenda ya mwezi hujulikana miaka mingi mbele, ikikosea ni kwa siku moja au mbili za mwandamo.

Habari ya siku moja au mbili hizo ndiyo huwasumbua waajiri wasio Waislamu. Katika Mwanza wako Waislamu wanaongojea mwezi uonekane nchini, wako wanaofuata habari za kuonekana kwake katika nchi nyingine, na wako Mabohora ambao kalenda yao imepangwa kwa hesabu na kwa hiyo hutangulia. Mwajiri huuliza, Idi ni lini, naye hupewa majibu matatu. Jambo hili si la kuchekwa wala la kulaumiwa. Wakristo nao, wa Mashariki na wa Magharibi, mara nyingi hawasherehekei Pasaka siku moja. Sikukuu ya serikali hufuata tangazo la Mufti, na anayeadhimisha siku nyingine aweza kuomba siku yake kwa mapatano, ilimradi mapatano hayo yawe yamefanywa mapema.

Jiografia nayo ina sehemu yake. Mwanza ipo karibu na mstari wa Ikweta, kwa hiyo saumu yake ni ya saa kumi na tatu na nusu hivi mwaka mzima, wakati ambapo kule London katika mwezi Juni hufikia saa kumi na nane au zaidi. Lakini saa ya serikali ni moja nchi nzima, na jua halitui nchi nzima kwa pamoja. Kwa wastani jua hutua Mwanza kama dakika 25 baada ya kutua Dar es Salaam. Mtu wa Mwanza akifuata adhana ya magharibi inayotangazwa redioni kutoka Dar es Salaam, amefungua mapema, na saumu yake ya siku ile imeharibika. Vivyo hivyo zamu ya kiwanda iliyopangwa makao makuu ya pwani, ikimwachia mfanyakazi muda wa kufuturu saa kumi na mbili na nusu za jioni, Mwanza humwachia muda wa kutazama jua likiwa bado juu ya maji.

Kazi za serikali zina nafuu, kwa kuwa ofisi hufungwa saa tisa na nusu za alasiri na mtumishi hufika nyumbani kabla ya magharibi. Wenye shida ni muuguzi, mlinzi, baharia wa meli ya Bukoba ing'oayo nanga usiku, na wafanyakazi wa viwanda vya minofu ya sangara vilivyojengwa Mwanza tangu miaka ya 1990, ambao husimama zamu nzima katika baridi wakishika visu. Mvuvi wa dagaa ana hali ya pekee. Yeye huvua usiku kwa taa, na taa haivuti dagaa mwezi unapong'aa. Kwa hiyo hufanya kazi katika giza na kupumzika siku za mwezi mpevu. Kazi yake imekwisha fuata mwezi kabla ya dini kumwamuru. Wavuvi wa mtumbwi mmoja, Mwislamu na Mkristo, hupanga wenyewe nani ale daku na nani ashike kasia, pasipo mwajiri wala kanuni. Mahali pasipo na kengele, mapatano huja upesi.

Jambo hilo huonekana pia katika sikukuu. Krismasi za mwaka 1998, 1999 na 2000 ziliangukia ndani ya Ramadhani, na ile ya 2000 ilifuatwa na Idi siku chache tu baadaye. Shule zilikuwa zimefungwa. Neno likabaki majumbani. Desturi ya majirani katika miji ya ziwa yajulikana: Mkristo humwita jirani yake Mwislamu amchinjie mbuzi wa Krismasi, ili pilau ile iweze kuliwa na wote, na jirani akiwa amefunga, sahani yake hufunikwa mpaka jua litue. Siku ya Idi sahani hurudi ikiwa imejaa. Na jioni za Ramadhani, viazi vitamu, mihogo na samaki wa ziwa huwa futari ya nyumba zote mbili. Hakuna aliyelihutubia jambo hilo. Limekwenda hivyo kwa sababu mwenye chungu na mgeni wake wote walikuwa huru.

Lakini desturi isiyoandikwa, hata ikiwa nzuri, ina udhaifu wake, na mwambao huu umeuona kwa uchungu. Kwa miaka mingi Waislamu ndio waliochinja wanyama wa kuuzwa sokoni, ili kila mnunuzi ale kwa amani. Ilikuwa desturi, si sheria. Wakristo kadha walipoanza kuuliza kwa nini wao wasichinje na kuuza, hapakuwa na maandiko ya kuwajibu, wala baraza lililozoea kulipima neno hilo. Mwezi Februari 2013, katika Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa kuchinja uligeuka mapigano, na mchungaji mmoja wa Kikristo akauawa. Kutoka Namugongo mwaka 1876 hadi Buseresere mwaka 2013 ni miaka 137, na swali lilikuwa lile lile: ni nani amechinja, na ni nani alazimishwe kula.

Tangu siku hizo viongozi wa dini wamezidi kukutana, na futari za pamoja, ambapo maaskofu huketi karibu na masheikh, zimekuwa desturi ya kila Ramadhani. Hapana haja ya kuzibeza. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 ya mwezi huo. Wakristo na Waislamu walifunga pamoja kwa majuma kadha, na maneno mazuri mengi yalisemwa. Lakini futari ya viongozi ni ya usiku mmoja. Usiku ule ule mlinzi wa mlangoni hufungua kwa maji ya chupa akiwa amesimama, na msichana wa bweni hungojea chakula kilichopoa. Kipimo cha kuelewana ni siku ishirini na nane au tisa zinazobaki.

Wako wanaopinga kwa hoja zinazostahili kujibiwa. Husemwa kwanza kwamba kazi italegea. Mwaka 1960 Rais Habib Bourguiba wa Tunisia aliwataka wananchi wake waache kufunga ili wapate nguvu ya kujenga nchi; wengi hawakumfuata, nchi ikabaki na mgawanyiko. Husemwa pia kwamba nchi nyingine zimelimaliza jambo hili kwa sheria. Ni kweli: katika Omani Mwislamu hafanyi kazi zaidi ya saa sita kwa siku katika Ramadhani, na Falme za Kiarabu hupunguza saa mbili kwa wafanyakazi wote. Lakini hizo ni nchi ambazo dini ya dola ni Uislamu, na Tanzania sivyo. Hata ndani ya Jamhuri ya Muungano, mwezi Machi 2024 polisi wa Zanzibar waliwakamata watu 12 kwa kula mchana hadharani. Desturi ya namna hiyo ikiletwa Mwanza, yule aliyeulinda uhuru wake wa kufunga atakuwa ameuvunja uhuru wa jirani yake wa kula.

Husemwa mwisho kwamba neno hili lafaa kuamuliwa kwa wingi wa watu: penye Waislamu wengi papangwe hivi, penye wachache waache. Lakini wingi haujulikani. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho katika Tanzania kuwauliza watu dini yao, na taifa lilikuwa na hekima katika kuacha kuuliza. Katiba huulinda uhuru wa imani wa mtu mmoja, si wa kundi. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi wa dini kazini, nayo humpa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 baada ya saa tano za kazi, haitaji saumu. Basi nafasi iliyobaki ni ya kanuni ndogo za kila shule na kila mahali pa kazi: kwamba aliyefunga aweza kusogeza mapumziko yake yawe wakati wa magharibi ya mahali hapo, kwamba chakula chake hutunzwa, kwamba hakuna anayeulizwa kwa nini anafunga, wala kwa nini leo hakufunga, na kwamba mwenziwe asiyefunga habebeshwi zamu yake pasipo kulipwa kwa zamu nyingine, labda siku za Pasaka au za Krismasi. Kanuni ya namna hiyo hujaa katika karatasi moja.

Yafaa iandikwe sasa, mwezi ukiwa katika miezi ambayo haina msimu wa pamba wala mtihani wa Mei. Krismasi itakuwa tena ndani ya Ramadhani katika mwaka 2031 na 2032. Saumu itaurudia msimu wa pamba karibu na mwaka 2045, na mtihani wa kidato cha sita, ikiwa utabaki katika mwezi wake, miaka michache baada ya hapo. Watakaokuwa wakuu wa shule na wasimamizi wa zamu wakati huo wamo madarasani leo, na wengi wa walimu wao hawatakuwapo kuwaeleza mambo yalivyofanywa. Karatasi ile itakuwapo, ikiwa iliandikwa.